Mama Amejifungua, Tusiache Kumtazama

Maneno haya yalisemwa na muuguzi mkunga katika semina ya siku moja ya vikundi vya kujisaidia. Tunayachapa hapa ili wanachama ambao hawakuweza kufika wayasome pamoja kikundini. Maswali ya kuzungumzia yako mwishoni.



Nimeombwa niseme machache juu ya kupima afya ya mama na mtoto, wakati wa uja uzito na baada ya kujifungua. Nikitazama hapa mbele naona vikundi vingi ni vya ng'ombe wa maziwa, vya kuku na vya mboga. Basi nianze na jambo ambalo ninyi mnalijua kunishinda.

Ng'ombe akikaribia kuzaa, mwenyewe halali fofofo. Anaamka usiku na tochi. Ng'ombe akishazaa, kazi bado haijaisha. Mwenyewe anatazama kama kondo la nyuma limetoka, kama ndama amesimama, kama amenyonya maziwa ya kwanza. Kesho yake asubuhi anarudi tena kuona kama ng'ombe anakula. Sisemi kwamba mama ni ng'ombe, mnielewe vizuri. Nasema kwamba ujuzi wa kutazama tunao. Lakini mama akijifungua tunapiga vigelegele, tunampokea mtoto, tunauliza jina lake ni nani, na macho yote yanamwacha mama. Hapo ndipo tunapowapoteza wengi.

Kwa hiyo neno langu leo ni moja. Kupima hakuishi siku mtoto anapozaliwa. Siku hiyo ndiyo tunaanza kazi mpya, na kazi hiyo nusu yake ni ya hospitali, nusu yake ni yetu nyumbani.

TUMEFIKA WAPI?

Mwezi wa Februari 1987, hapa kwetu Nairobi, ulifanyika mkutano wa mataifa uliozindua juhudi za uzazi salama duniani. Tangu hapo tumetembea. Utafiti wa kitaifa wa 2008-09 ulionyesha kwamba kati ya kila watoto 100, ni 43 tu waliozaliwa katika kituo cha afya. Mwaka wa 2014 wakawa 61. Mwaka wa 2022 wakafika 82. Hapo tujipigie makofi.

Lakini sikilizeni upande wa pili. Utafiti wa 2014 ulionyesha kwamba kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 22 walikufa kabla ya kutimiza mwezi mmoja. Ule wa 2022 ulionyesha 21. Yaani akina mama wengi zaidi wamekwenda hospitali, na vifo vya watoto wachanga karibu havikusonga. Nayo sensa ya 2019 ilionyesha kwamba kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, akina mama 355 hufa.

Sababu ni nyingi. Ziko za vituo kukosa dawa, damu na wauguzi, na hizo tuzidai kwa kaunti bila kuogopa. Lakini iko sababu nyingine ambayo hatuhitaji kumngoja mtu yeyote aje kuiondoa. Mama anaruhusiwa kurudi nyumbani, na pengine hakuna macho yenye ujuzi yanayomtazama tena mpaka wiki ya sita, anapompeleka mtoto chanjo. Na siku zenye hatari kuliko zote ni zile saa 24 za kwanza na wiki ile ya kwanza.

WAKATI WA UJA UZITO: KILA KIPIMO KINA KAZI YAKE

Zamani tulifundisha kwamba mama aende kliniki mara nne. Mwaka wa 2016 Shirika la Afya Duniani lilisema ziwe mara nane, na ya kwanza iwe kabla ya wiki 12. Hapa Kenya, katika utafiti wa 2022, akina mama waliofika hata hizo nne walikuwa 66 kati ya 100. Wengi huanza kwenda tumbo likiwa limeshaonekana. Wengine husema, "Mimba si ugonjwa." Ni kweli, mimba si ugonjwa. Lakini ugonjwa huweza kujificha ndani ya mimba, na kliniki ni mahali pa kuutafuta kabla haujajionyesha.

Presha ya damu hupimwa kila mara. Ikifika 140 kwa 90 au kupita, muuguzi hushtuka, hasa kama mkojo una protini. Hiyo ni njia ya kwenda kwenye kifafa cha mimba, na mama anaweza kuwa nayo bila kusikia maumivu yoyote. Ndiyo maana mkojo na presha hupimwa pamoja.

Damu hupimwa ili kujua wingi wake. Chini ya 11 ni upungufu. Chini ya 7 ni hatari kubwa, kwa sababu mama wa namna hiyo akitokwa na damu kidogo tu wakati wa kuzaa, hana akiba. Dawa za kuongeza damu hutolewa kliniki na humezwa kila siku. Zikimchafua tumbo, ajaribu kumeza baada ya chakula cha jioni, asiziache. Pamoja nazo ale sukuma wiki, ndengu, omena, maini na mayai. Aache chai kwa muda karibu na chakula, maana chai huzuia nguvu ya chakula hicho kuingia katika damu.

Damu hiyo hiyo hupimwa kaswende na virusi vya ukimwi, kwa sababu magonjwa hayo yakijulikana mapema mtoto anaweza kukingwa. Mama huchomwa sindano ya pepopunda. Katika sehemu zenye malaria nyingi, kama za Ziwa na Pwani, hupewa vidonge vya kuzuia malaria, na chandarua chenye dawa. Tumbo hupimwa kwa utepe kuona kama mtoto anakua, na mapigo ya moyo wa mtoto husikilizwa. Yawe kati ya 110 na 160 kwa dakika.

Yote haya huandikwa katika kile kijitabu cha mama na mtoto. Tafadhali, msikifungie sandukuni. Mama akitoka kliniki awe anaweza kujibu maswali matatu: Presha yangu ni ngapi? Damu yangu ni ngapi? Mtoto amelalaje? Kama hawezi kujibu, hakupimwa, au alipimwa na hakuambiwa. Ana haki ya kurudi kuuliza. Nanyi akina baba, someni kijitabu hicho. Mtu anayejua bei ya mahindi ya wiki hii hashindwi kujua presha ya mke wake.

Dalili ya mvua ni mawingu. Mama mjamzito akiona damu yoyote, akiumwa na kichwa sana huku macho yakifanya kiwi, akifura uso na mikono, akiwa na homa, akiumwa sana na tumbo, maji yakivunjika kabla ya uchungu, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje siku ya kliniki. Aende siku hiyo hiyo.

SAA YA KUJIFUNGUA

Mtoto akizaliwa, hupimwa mara mbili: akiwa na dakika moja, na tena akiwa na dakika tano. Mpango huu ulibuniwa mwaka wa 1952 na daktari wa Marekani, Virginia Apgar. Hutazamwa rangi ya ngozi, mapigo ya moyo, anavyojibu akiguswa, nguvu za viungo, na kupumua. Kila jambo hupewa pointi 0, 1 au 2. Lakini mkunga hangoji kuhesabu ndipo aanze kumsaidia. Asiyepumua husaidiwa papo hapo.

Kabla ya Apgar, watoto wengi walionekana wanyonge wakawekwa kando, na macho yakarudi kwa mama. Siku hizi sisi tunafanya kinyume. Macho yanamfuata mtoto, na mama anatokwa na damu chini ya blanketi.

Niwaambie juu ya kutokwa na damu, kwa sababu ndiko kunakoua akina mama wengi. Jicho la mtu hudanganya. Hata muuguzi mzoefu akitazama shuka lililolowa, hukadiria damu kidogo kuliko ilivyo. Mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, ukahusu wanawake zaidi ya 200,000. Walitumia plastiki yenye mistari ya kipimo, inayowekwa chini ya mama ili damu iingie humo na kiasi chake kisomwe. Damu ikizidi, mama alipewa matibabu yote kwa mara moja: kusuguliwa tumbo la uzazi, dawa za kulikaza na za kuzuia damu, maji ya mishipani, na kuchunguzwa damu inatoka wapi. Pale ambapo damu ilikadiriwa kwa jicho kama kawaida, karibu nusu ya akina mama waliotokwa na damu nyingi hawakutambuliwa. Kwa kipimo na mpango ule, walitambuliwa 93 kati ya 100. Na hatari ya kutokwa na damu kwa kiasi cha kutisha, kupasuliwa kwa sababu hiyo, au kufa, ilipungua kwa asilimia 60.

Fikirini jambo hilo. Kilichoongezwa ni plastiki yenye mistari, na mpango wa kufanya yote pamoja bila kusitasita. Somo letu vijijini ni hili: tusikadirie, tupime.

NYUMBANI: MAMA KWANZA

Basi mama amerudi nyumbani. Kwetu tuna desturi nzuri ya kwenda kuona mtoto. Tunabeba unga wa wimbi, njahi, sabuni na leso. Desturi hiyo tuifanye kuwa kliniki ya pili. Anayekwenda kuona mtoto anawe mikono, kisha amwone mama kwanza. Asimwulize tu, "Hujambo?" kwa sababu atajibu, "Sijambo." Amwulize mambo haya:

Damu inatokaje? Vitambaa au pedi vihesabiwe. Kikilowa chote kwa muda usiofika saa moja, au yakitoka madonge makubwa, hiyo ni hatari. Akiona kizunguzungu na mikono ikiwa baridi, msianze kuchemsha uji. Itieni pikipiki au gari. Huku mkingoja, akojoe kama anaweza, kwa maana kibofu kilichojaa huzuia tumbo la uzazi kukaza. Mtoto anyonye. Na tumbo la uzazi, chini kidogo ya kitovu, lisuguliwe mpaka liwe gumu kama chungwa.

Kichwa kinauma? Wengi hudhani kifafa cha mimba huisha mtoto akitoka. Sivyo. Kinaweza kuja siku kadhaa baadaye. Chukueni mfano wa mama aliyejifungua vizuri, na siku ya tano anaumwa na kichwa na kuona nyota-nyota. Nyumbani wanasema ni uchovu na kukosa usingizi. Wanamfunga kitambaa kichwani. Jioni anaanguka na kutupa mikono, na jirani wanasema amerogwa. Huyo hakurogwa. Presha yake ingepimwa asubuhi, kungekuwa bado na wakati.

Ana homa au anatetemeka? Damu ina harufu mbaya? Tumbo linauma kuzidi jana? Kidonda cha kupasuliwa kinatoa maji? Titi moja limekuwa jekundu na la moto? Mguu mmoja umefura na kuuma? Anakosa pumzi? Jibu la "ndiyo" kwa mojawapo ni safari ya hospitali.

NA MTOTO NAYE

Mtoto mchanga hasemi, lakini kifua chake husema. Akiwa ametulia, tazama saa ya simu na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Mtoto mzima huvuta pumzi kati ya 30 na 60. Zikifika 60 au zaidi, hesabu tena. Zikiwa bado juu, au mbavu zikiwa zinaingia ndani anapovuta, apelekwe.

Dalili nyingine za hatari ni hizi: anakataa kunyonya, au alikuwa akinyonya vizuri na sasa ameacha; amekuwa mlegevu, hajisogezi mpaka asukumwe; anapata degedege; mwili una moto au una baridi; amekuwa manjano siku ile ya kwanza, au viganja na nyayo zimekuwa manjano siku yoyote; kitovu kina usaha, au ngozi ya kandokando imekuwa nyekundu. Msimpake kitovuni majivu, samadi wala mafuta. Kipakwe tu dawa iliyotolewa na kituo. Na asioshwe kabla ya saa 24 kupita.

Aliyezaliwa na uzito chini ya kilo mbili na nusu anahitaji macho zaidi. Huyo avuliwe nguo, abaki na nepi, kofia na soksi, na awekwe kifuani pa mama, ngozi kwa ngozi, chini ya leso. Baba naye ana kifua, anaweza kupokea zamu. Hata safari ya hospitali mtoto aende hivyo, akinyonya njiani. Wengi hufika wamepoa kwa sababu walifungwa blanketi peke yao.

Hata kama hakuna dalili yoyote, mama na mtoto warudi kituoni wapimwe kati ya siku ya pili na ya tatu, kisha kati ya siku ya saba na ya 14, kisha wiki ya sita. Huo ndio mpango wa Shirika la Afya Duniani. Kama njia haipitiki, mwiteni mhudumu wa afya ya jamii. Tangu Septemba 2023 wahudumu hao wamepewa mikoba yenye mashine ya presha, kipima joto na mizani. Kikundi kimjue wa kijiji chake, na kimwambie mapema ni nani anayekaribia kujifungua.

MOYO WA MAMA

Jambo hili huwa tunalipita haraka. Akina mama wengi hulia-lia siku za kwanza, na hali hiyo hupita kabla ya wiki mbili. Lakini yuko ambaye hazipiti. Halali hata mtoto akilala, hali, hataki kuoga, anasema yeye si mama wa maana. Tusimwambie ati ni mvivu, au ati ana kiburi. Tumwulize kwa upole, tukiwa wawili tu: "Unasikia furaha yoyote siku hizi? Umewahi kufikiri kujiumiza, au kumwumiza mtoto?" Kuuliza hakumtii mtu wazo hilo kichwani. Akijibu ndiyo, asiachwe peke yake, na apelekwe kwa daktari siku hiyo. Ni ugonjwa, na una matibabu.

PESA NA USAFIRI

Sasa nifike kwenye vikundi vyenyewe. Wataalamu husema mama hufa kwa kuchelewa mara tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa njiani, na kuchelewa kuhudumiwa akishafika. La tatu ni la hospitali. La kwanza na la pili ni yetu.

Niwaulize bila kuwakosea adabu. Mwanachama akifiwa, tunachanga kwa siku ngapi? Siku mbili, tatu, pesa zimepatikana, mahema yamekuja, basi limekodishwa. Lakini mama akitokwa na damu saa nane usiku, tunaanza kumtafuta mwenye gari, na mwenye gari anauliza petroli itatoka wapi. Tuna mfuko wa matanga, na hatuna mfuko wa uzazi. Tumejiandaa kumzika kuliko kumfikisha hospitali.

Kwa hivyo kila kikundi kiende na mambo matano. Kwanza, kiasi kidogo kitengwe katika kila mchango wa merigoraundi, kiwe cha usafiri wa uzazi tu. Pili, pesa hizo ziwe mahali zinapopatikana usiku, na watu wawili wawe na ruhusa ya kuzitoa bila mkutano. Tatu, mfanye mapatano mapema na mwenye gari na mwenye bodaboda, na namba zao ziandikwe ukutani nyumbani kwa mama. Nne, muamue mapema kwamba mume asipokuwapo, mama mkwe au jirani anaweza kusema "twende". Mama asife kwa kungoja ruhusa. Tano, mama na jamaa yake wajisajili na SHA tangu mapema. Bima ya NHIF iliondolewa Oktoba 2024, na kadi zake za zamani hazifai tena. Msingoje uchungu uanze ndipo mtafute kitambulisho.

Nao wakunga wa kienyeji tusiwafukuze. Akina mama wanawaamini. Wawe wasindikizaji: wao ndio wamlete mama kituoni, na baadaye wao ndio wapite nyumbani kumtazama kila asubuhi kwa wiki ile ya kwanza.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Muuguzi peke yake hawezi, na mama peke yake hawezi. Lakini kijiji chenye watu watatu wanaojua kuhesabu pumzi, kuhesabu vitambaa na kupiga simu kwa wakati, hicho kinaweza. 

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KIKUNDINI

1. Ni akina mama wangapi wajawazito katika kijiji chetu sasa? Ni nani kati yao hajafika kliniki?

2. Mama akipata hatari usiku wa leo, gari litatoka wapi, na pesa zitatolewa na nani?

3. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chetu ni nani? Ametutembelea lini?

4. Ni desturi gani zetu baada ya uzazi zinazomsaidia mama, na zipi zinazomchelewesha kwenda hospitali?

5. Tutenge shilingi ngapi katika kila mkutano kwa mfuko wa uzazi? Andikeni uamuzi katika kitabu cha kumbukumbu leo, kabla hamjaachana.